Letrozoli au Clomid? Maswali kuhusu vidonge vya kupevusha mayai

Hedhi yangu huja baada ya miezi miwili au mitatu. Je, ni ovari zenye vifuko vingi?

Huenda, ila hedhi kuruka pekee hakutoshi kuthibitisha. Daktari hutafuta mawili kati ya haya matatu: hedhi kupishana, homoni za kiume kuzidi (ndevu, chunusi sugu au majibu ya damu), na ultrasaundi yenye vifuko vidogo vingi. Kwanza ipimwe homoni ya tezi ya shingo na prolaktini (homoni ya kutoa maziwa), maana nazo huvuruga hedhi vivyo hivyo na tiba yake ni nyingine. Na wengi huambiwa wana "uvimbe" wakaogopa kisu. Si uvimbe wa kukatwa. Ni vijumba vya mayai vilivyoishia njiani bila kukomaa.

Nianze na ipi?

Kwa tatizo hili, letrozoli. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliogawa wanawake 750 kwa bahati nasibu, kila mmoja akitibiwa hadi mizunguko mitano. Waliopata mtoto hai kwa letrozoli walikuwa asilimia 27.5, kwa Clomid asilimia 19.1.

Sababu iko kwenye utendaji wa dawa. Clomid huziba vipokezi vya estrojeni (homoni ya kike), ubongo ukadhani estrojeni imeisha, ukaongeza homoni ya kukuza yai. Lakini huziba pia vipokezi vya mji wa mimba na shingo ya kizazi, tena hukawia mwilini. Yai linapevuka, huku ukuta wa mji wa mimba umekuwa mwembamba na ute umekauka. Letrozoli hupunguza utengenezaji wa estrojeni kwa muda tu. Kila siku mbili hivi nusu ya dawa huwa imetoka, na ukuta hujengeka kama kawaida.

Kikaratasi kinasema ni dawa ya saratani ya matiti. Haitamdhuru mtoto?

Ni kweli, ilisajiliwa kwa saratani. Kwa uzazi humezwa mwanzoni mwa mzunguko, na mimba inapojishikiza, dawa karibu yote imeshatoka. Utafiti wa Kanada wa 2006 uliwafuatilia watoto wachanga 911 na haukuona ulemavu zaidi kwa letrozoli kuliko kwa Clomid. Hatari ni kuimeza tayari una mimba. Hedhi ikichelewa, pima mkojo kwanza, hata kama "huwa inachelewa tu".

Humezwaje?

Siku ya 1 ni siku damu inapotoka kamili, si matone. Kuanzia siku ya 3 hadi ya 7 meza miligramu 2.5 mara moja kwa siku. Yai lisipopevuka, daktari hupandisha hadi miligramu 5 mzunguko unaofuata, kisha 7.5. Kama hedhi haiji kabisa na kipimo cha mimba ni hasi, hupewa kwanza vidonge vya projestini (dawa inayofanya kazi kama homoni ya projesteroni) kwa siku 5 hadi 10 ili itoke.

Yai kwa kawaida hutoka siku 5 hadi 10 baada ya kidonge cha mwisho, kwa hiyo kutaneni siku moja ndiyo, moja hapana, kuanzia siku ya 10 hadi ya 18. Ultrasaundi ya siku ya 11 hadi 13 ni muhimu hasa mzunguko wa kwanza. Vikionekana vijumba vitatu au zaidi vilivyokomaa, mwezi huo tumieni kondomu. Mapacha watatu si neema kwa mji wa mimba.

Projesteroni ya siku ya 21 imeonyesha yai halikutoka. Niongeze dozi?

Tulia. Siku ya 21 ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Kipimo cha projesteroni, homoni inayopanda yai likishatoka, huchukuliwa wiki moja kabla ya hedhi ijayo. Mwenye mzunguko wa siku 35 hupima siku ya 28. Kikizidi nanogramu 3 kwa mililita, yai limetoka. Wengi wamepandishiwa dozi kwa sababu ya tarehe tu.

Mume wangu ana mtoto tayari. Kuna haja apimwe?

Ipo, kabla hujameza kidonge cha kwanza. Wale wanawake 750 wa utafiti wa letrozoli na Clomid walikubaliwa baada ya kuthibitika kwamba mrija mmoja wa uzazi angalau uko wazi na mwenza ana mbegu zisizopungua milioni 14 kwa mililita. Anayenunua vidonge dukani bila vipimo hivyo hawezi kutegemea asilimia zile. Mume apumzike siku 2 hadi 7 bila kumwaga, kisha atoe sampuli. Picha ya mirija hupigwa damu ikishakata, kabla yai halijatoka.

Na metformini?

Ni dawa ya kisukari; peke yake ni dhaifu kwa kupevusha mayai. Utafiti wa 2007 wa wanawake 626 ulipata watoto hai kwa asilimia 7.2 ya waliotumia metformini, dhidi ya 22.5 kwa Clomid. Hufaa zaidi mwenye sukari inayopanda.

Mayai yamepevuka mizunguko sita, mimba hakuna.

Acha vidonge. Yai si tatizo tena. Rudini kwenye mirija na mbegu, kisha mjadiliane na daktari kuhusu sindano za homoni au upandikizaji mimba.