Je, wajua? Mpuliza saksafoni na mcheza ngoma wanavyoelewana bila mazoezi

Jioni moja huko Mikocheni, Dar es Salaam, nilimwona mcheza ngoma mmoja, njuga zimefungwa miguuni, akipanda jukwaani pamoja na mpuliza saksafoni wa jazi kutoka Ulaya. Nyuma ya jukwaa walikuwa wamepeana "mambo" na "poa", basi. Kiswahili cha mgeni kiliishia hapo, na Kiingereza cha mwenyeji hakikufika mbali zaidi. Wakapiga kazi karibu dakika arobaini, wakipanda pamoja na kushuka pamoja. Dada aliyekaa jirani yangu akaniuliza, "Hawa wamefanya mazoezi lini?"

Hawakufanya. Sasa inakuwaje?

Tuanze na huyu mgeni. Watu hudhani mwanajazi akibuni papo hapo anapuliza chochote kinachomjia. Hapana, kichwani ana ramani. Bluzi ya kawaida, muziki ulio ndugu wa jazi, inazunguka kwa mapigo 48, kisha inaanza upya. Nyimbo nyingi nyingine za jazi huzunguka kwa mapigo 128. Hata akifumba macho anajua amefika wapi na kona iko wapi. Wakitaka kujibizana, kila mmoja anachukua mapigo 16 kisha anamwachia mwenzake. Mtu aliyewahi kusimama kwenye ngoma hapo hapotei: mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia. Kuna na ishara za mwili. Mwanajazi akijigusa utosini, wenzake wanaelewa kwamba sasa tunarudi kwenye wimbo wenyewe.

Kilichonivutia zaidi ni hesabu ya 12. Gonga meza mara 12, sawasawa, kisha rudia bila kusimama. Sasa kanyaga mguu kwenye gonga la 1, 4, 7 na 10. Umepata hatua nne zenye vipande vitatu vitatu, na huko ndiko mdundo wa jazi ya zamani unakoegemea. Bila kubadili mkono, kanyaga kwenye la 1, 5 na 9. Umeshahama kabisa! Mkono ni ule ule, mguu ndio uliohama. Ngoma nyingi za kwetu zinaishi humo humo, ngoma moja ikienda kwa tatu na nyingine kwa nne kwa wakati mmoja, na mchezaji anachagua mabega yafuate ipi na miguu ifuate ipi. Ndiyo maana mgeni anaweza kuingia bila kugeuza mdundo wake. Taabu yake ni kujua "moja", yaani pigo la kuanzia hesabu, iko wapi. Yule wa Mikocheni mwanzoni aliiweka kusikokuwa kwake, nikamwona mpiga ngoma wao akiinamia ngoma na kumkazia pigo hilo mara tatu, nne, mpaka mgeni akatikisa kichwa na kuhamia.

Lakini mwenye usukani hakuwa mpiga ngoma. Alikuwa mchezaji. Kwenye ngoma mchezaji hafuati tu, kwani mpiga ngoma kubwa anamtazama miguu. Na akivaa njuga naye ni chombo: kila hatua inasikika. Kuna wakati yule kijana aliinua mguu akaubakiza hewani. Mpiga ngoma akashikilia mkono juu. Mgeni akabaki na pumzi kifuani, mashavu yamejaa. Watu wakaanza kucheka kwa wasiwasi. Mguu ukashuka, na wote watatu wakashuka nao.

Jazi yenyewe ilikulia kwenye kumbi za kucheza. Katika ukumbi wa Savoy, uliofunguliwa Harlem, New York, mwaka 1926, bendi ya mpiga drams Chick Webb ilikuwa ikipiga huku ikitazama sakafu. Baadaye wasikilizaji wakakalishwa vitini. Sababu ni nyingi, mojawapo ni kodi, amini usiamini: mwaka 1944 serikali ya Marekani ilizitoza kumbi zenye kucheza na kuimba asilimia 30, kisha ikapunguza hadi 20. Wenye kumbi wengi wakaona heri bendi ndogo isiyo na mwimbaji, na watu wakae.

Dar haikukaa. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa 1932, Western Jazz ikaja 1959 na mtindo wake wa Saboso, NUTA Jazz 1964, ambayo leo ndiyo Msondo Ngoma. Hazikupiga jazi ya Marekani. Ladha ilikuwa rumba zaidi, na "Jazz" lilikuwa jina la bendi ya dansi. Ila tazama wimbo wa dansi ulivyojengwa: mashairi kwanza, kisha chemko, magitaa yanapopamba moto na wanenguaji kuingia. Chemko likinoga, linarefushwa. Kwa hiyo mwanajazi akija hapa, kwa maoni yangu, anarudishiwa kitu alichonyang'anywa: mtu wa kumchezesha. Lugha yetu nayo inasaidia. Ngoma ni chombo, ni mchezo, na ni shughuli nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 bendi ya mpiga piano wa jazi wa Marekani, Herbie Hancock, ilijipa majina ya Kiswahili, na mpiga besi Buster Williams akaitwa Mchezaji. Hapa Kariakoo ungeulizwa, wa Simba au wa Yanga?

Kuna na la ubongo. Mwaka 2008 watafiti Charles Limb na Allen Braun waliwaingiza wapiga piano 6 wa jazi kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo. Walipobuni, sehemu ya mbele inayohusika na kujichunga na kujikosoa ilipoa, na sehemu inayohusika na kujieleza ikachangamka.

Hakuna mashine iliyomwandaa mgeni kwa utamaduni wa kutunza. Mama mmoja alitoka na kitenge chake, akicheza taratibu, akambandika noti ya elfu tano kwenye paji la uso. Jasho likaishika. Jamaa akakodoa macho, noti ikining'inia, akamwangalia mpiga ngoma. Mpiga ngoma akamwashiria: endelea. Akaendelea, tena kwa fujo zaidi.

Kumaliza ndiko kugumu. Kijana akaruka, akatua kwa miguu yote miwili, njuga zikalia mara moja, ngoma ikafunga. Saksafoni ikachelewa, ikatoa sauti moja peke yake kwenye kimya. Kicheko. Kijana alikuwa ameshainama kufungua njuga. Mgeni akaipuliza sauti ile ile tena, makusudi, kisha mara ya tatu, na kijana akaacha kamba, akainuka.