Mwendelezo wa gemu si rangi mpya

Mwendelezo ni gemu inayokuja baada ya nyingine, ikachukua jina au wahusika wake, kisha ikakupa jambo jipya la kucheza. Maana ni hiyo tu. Kinachonikera ni vile hapa Kondele, Kisumu, kila kitu kinachotoka baadaye kinaitwa “pati tuu”, yaani sehemu ya pili. Kandanda ya mwaka huu, pati tuu ya ile ya mwaka jana, hata kama kilichobadilika ni jezi na majina ya wachezaji. Matatu ikichorwa upya haijapata ruti mpya.

Juzi kijana mmoja, pedi yake ya kuchezea imefungwa selotepu pale waya unapoingilia, aliwahakikishia wenzake waliokuwa wakingoja zamu kwamba Ms. Pac-Man ni Pac-Man ileile, wameivisha riboni tu. Wakakubali wote.

Riboni ipo, sikatai. Lakini Pac-Man ya mwaka 1980, gemu ya mashine za sarafu iliyotengenezwa na kampuni ya Namco ya Japani, ambamo unaongoza mdomo wa njano ule vidoa vyote huku ukikwepa vizuka, ina ramani moja ya vichochoro, na ukiimaliza inarudi ileile. Vizuka wake wanne wanafuata kanuni zisizoyumba: ukipita njia ileile kwa wakati uleule, nao watafanya vilevile. Wachezaji wa Marekani walilijua hilo, wakakariri njia, na sarafu moja ikawachezesha saa nzima na zaidi. Sasa njoo Ms. Pac-Man ya 1982. Ramani ni nne. Tunda halikai tena katikati kukusubiri, linaingia kwa mlango wa pembeni na kurukaruka vichochoroni, ulifukuze mwenyewe. Halafu, na hili ndilo kubwa, kila raundi inapoanza kizuka mwekundu na yule wa waridi hutangatanga bila mpango. Njia uliyokariri imekufa hapo. Lazima utazame na uamue.

Utata uko kwenye asili ya Ms. Pac-Man. General Computer, kampuni ya vijana wa Massachusetts, ilikuwa ikiuza bodi za saketi za kubadilisha gemu za watu wengine: mwenye ukumbi wa gemu ambaye wateja wamechoshwa na mashine yake anaipachika bodi hiyo, na mashine ya zamani inacheza kivingine bila yeye kununua nyingine. Kampuni ya Atari iliwashtaki kwa kuigusa gemu yake ya Missile Command, kesi ikaisha kwa maelewano. Bodi yao ya Pac-Man waliiita Crazy Otto, mhusika wake akiwa na miguu. Badala ya kuiuza kichinichini wakaipeleka kwa Midway, kampuni iliyokuwa na leseni ya Pac-Man huko Marekani, na Otto akageuka Ms. Pac-Man. Kwa hiyo kwa kuzaliwa ni kiraka, tena kilichoshonwa na wageni!

Mwaka huohuo Namco wenyewe walitoa Super Pac-Man: unakula funguo ili milango ifunguke, matunda yamechukua nafasi ya vile vidoa, na kuna kidonge kinachokufanya jitu la kuvunja milango. Huyo ni mtoto wa damu. Ndiyo maana mtu akisema mwendelezo namuuliza: wa ukoo au wa uchezaji? Super Pac-Man ina vyote viwili. Ms. Pac-Man ilipata ukoo kwa karatasi za leseni, lakini kwa uchezaji haina deni kwa mtu, na mimi uchezaji ndio ninaoupa uzito.

Basi, kaka wa pedi ya selotepu, kandanda ya kila mwaka iite toleo. Ms. Pac-Man mwachie jina lake la mwendelezo. Na ile gemu uliyokuwa ukiieleza, yenye vichochoro vilevile, rangi nyingine na hila chache za kukushtua, ilikuwepo kweli. Midway waliitoa 1982, wakaiita Pac-Man Plus.