Nyumba ya mbao juu ya milima ya Kabare: yanayosemwa mjini na yaliyo kweli

Kila mwaka, mvua za Mei zikianza kupungua, simu yangu hulia. Anayepiga ni mtu wa Ibanda au Kadutu, mitaa ya mji wa Bukavu hapa mashariki ya Kongo, mara nyingine ndugu aliyeko Ubelgiji. Amechoka na makelele na umeme wa kukatika, anataka kujua bei ya kiwanja huko juu, "pale kwa wafinyanzi, pale panapopendeza". Mimi nina nyumba ya mbao ya vyumba viwili kwenye mlima mmoja wa Kabare, saa nzima ya kupanda kwa miguu ukishaiacha barabara kubwa, na huu ni mwaka wa tisa. Kila anayeuliza namjibu. Ila maswali ni yale yale na makosa ni yale yale, basi nayaandika mara moja.

"Nimemlipa mwenye shamba mbele ya mashahidi, ardhi ni yangu."

Hili ndilo kosa linalowavunja watu. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 iliweka wazi kwamba udongo wa Kongo ni mali ya Serikali na hauuzwi. Unachopata wewe ni haki ya kuutumia. Raia wa Kongo anaweza kupewa haki hiyo kwa kudumu. Mgeni hupewa kwa mkataba usiozidi miaka 25, unaoweza kufanywa upya. Ndugu zetu walio Ulaya wasikilize vizuri hapa: katiba yetu inasema uraia wa Kongo ni mmoja tu na hauchanganywi na mwingine. Ukishachukua pasipoti ya kule, mbele ya sheria ya ardhi unahesabiwa pamoja na wageni, hata kama kitovu chako kimezikwa Kabare.

Na kinachosimama mbele ya hakimu ni hati moja, setifika ya uandikishaji. Ikimaliza miaka miwili bila mtu kuipinga, kuivunja ni shida kubwa. Karatasi ya shefu wa desturi, risiti, daftari lenye vidole vya mashahidi, vyote hivyo vinasaidia lakini havijawa setifika.

Basi mtu wa mjini anasikia hayo anakimbilia kosa la pili: "Kumbe desturi haina maana, nitafuata karatasi peke yake." Hapana. Milima hii imegawanywa kwa desturi ya Bushi, nchi ya Bashi, kabla babu zetu hawajaona karatasi. Kuna *kalinzi*: unatoa ng'ombe au mbuzi kwa mwenye mlima, unapata kukaa, watoto wako wanarithi, na unabaki chini ya heshima yake. Kuna *bugule*, ndiyo kununua kwa fedha. Kuna *bwasa*, kukodi kwa msimu, na mwenye bwasa haruhusiwi kupanda kitu cha kudumu: si mgomba, si mti, sembuse nyumba. Sheria ya 1973 iliahidi kwamba amri ya Rais ingekuja kupanga haki za ardhi zinazoshikwa kwa desturi, na amri hiyo haikuja. Ndiyo maana mlima mmoja unaweza kuwa na mtu wa karatasi na mtu wa desturi, na kila mmoja anasema kweli.

Mimi kiwanja changu cha kwanza nilikipoteza hivyo. Aliyeniuzia alikuwa na bwasa tu, na ofisi moja ilinigongea muhuri bila mtu wake hata mmoja kupanda mlima. Nilipanda migomba kumi na miwili. Asubuhi moja alikuja mama mwenye shamba lake, panga mkononi, akaikata mmoja baada ya mwingine, hakupandisha sauti, na alipomaliza akanisalimia. Haki ilikuwa yake. Nililia njia nzima mpaka Mudaka.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa dola hata moja, fanya ankete, yaani uchunguzi, yako mwenyewe, usingoje ile ya ofisi. Tembea mpaka wote kwa miguu pamoja na majirani wa pande zote nne. Waulize wamama wanaolima, maana wao ndio wanaojua nani alipanda nini na kwa ruhusa ya nani. Ukiona mstari wa drasena zilizosimama peke yake katikati ya shamba, usifikiri ni maua, ule ni mpaka wa mtu. Na tangu waasi wa M23 walipoingia Bukavu mwezi Februari 2025, kila anayeniuliza namwambia asisaini chochote cha ardhi kwa sasa. Hati iliyotolewa na utawala mmoja, utawala mwingine unaweza kuikataa.

"Nyumba ya mbao ni ya maskini, jenga matofali."

Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008 ardhi ilitikisika hapa kwa kipimo cha 5.9. Kuta za matofali zilipasuka na kuanguka Bukavu, na ng'ambo ya Ruzizi, upande wa Rwanda, kanisa liliangukia watu wakiwa katika ibada. Mbao hulia, hupinda, halafu hurudi mahali pake. Pia fikiria nani atakubebea matofali saa nzima ya kupanda.

Mbao zina maadui wawili. Mmoja ni maji: inua nyumba juu ya mawe, acha manjanja, yaani bati za paa, yatokeze vizuri nje ya ukuta, paka mafuta machafu ya gari kila kiangazi ili mchwa wasisogee. Wa pili ni moto, na sisi tulioona mitaa ya Kadutu ikiungua hatuhitaji kuelezwa. Jiko liwe kibanda chake, mbali na pa kulala.

"Huko juu ni baridi, ingiza mbabula ulale."

Usiingize mbabula, lile jiko la makaa, ndani. Baridi ipo kweli: ziwa liko kama mita 1,460, mimi niko karibu mita 1,950, na kila mita mia moja za kupanda hupunguza joto kama nusu nyuzi au zaidi kidogo. Lakini makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Anayeivuta husikia kichwa kizito na usingizi, na usingizi huo wengine hawakuamka. Hata makaa mekundu yasiyotoa moshi yanaua. Ota moto jioni nje au jikoni, halafu ingia na blanketi mbili.

"Manjanja yanaita radi," na "radi inatumwa."

Mashariki ya Kongo ni mojawapo ya sehemu zinazopigwa radi nyingi kuliko zote duniani. Hewa yenye unyevu kutoka msitu mkubwa inapanda milima hii, inapoa haraka, mawingu yanajijenga mchana na kupasuka jioni. Radi hutafuta njia fupi ya kufika ardhini: kilele, mti uliosimama peke yake, mtu anayelima kwenye uwanda wazi. Bati haliiti radi. Hatari ni kuwa juu ya mgongo wa mlima pasipo kitu kingine kirefu, na hapo ndipo watu wa mjini wanapopenda kujenga, kwa ajili ya kuona ziwa. Jenga chini kidogo ya mgongo. Weka paratoneri, kile chuma cha kukinga radi, na waya wake mnene wa shaba uende chini mpaka udongo wenye unyevu. Mvua ikianza kunguruma, ondoka chini ya mti.

La pili, kwamba radi inatumwa, naliandika kwa uchungu. Kila radi ikiua mtoto au ng'ombe, kuna mzee mahali fulani anayeanza kutazamwa vibaya. Wengine wamefukuzwa, wengine wamechomewa nyumba. Ukiwa na nyumba kule, utaombwa siku moja kutoa maoni yako kwenye kikao kama hicho, kwa sababu wewe ni mtu wa mjini na umesoma. Nenda, na useme wazi kwamba radi haina mwenyewe.

"Panda mikaratusi, itashika udongo."

Mikaratusi itakupa mbao na kuni, kwa hiyo uwe nayo michache, mbali na nyumba na mbali na chemchemi. Lakini chini yake nyasi hazioti vizuri, na mvua ikipiga udongo ulio wazi inaubeba. Kinachoshika mteremko ni mistari ya mabingobingo au setaria iliyopandwa kukata mlima kwa upana, na mfereji wa maji juu ya nyumba. Majani yake mpe jirani mwenye mbuzi.

"Wafinyanzi na wasusi ni uzuri wa mahali, ukinunua pale, umewapata na wao."

Hapa naomba uvumilivu wako, maana ndiyo sababu yenyewe ya mimi kuandika.

Nusu ya chungu ni bonde. Udongo wa kufinyangia hautoki popote, unatoka kwenye kinamasi fulani, kwenye kona fulani, na wamama wanaijua kona hiyo tangu kwa bibi zao. Kitunga na mkeka vinatoka kwenye matete ya kinamasi hicho hicho. Anakuja mnunuzi kutoka mjini, amependa "mahali pa sanaa", ananunua mlima pamoja na bonde lake, anazungusha waya. Mwaka wa pili hakuna chungu, na yeye anashangaa kwa nini watu wamekuwa wavivu.

Wafinyanzi wengi wa upande wetu ni Batwa. Msitu waliokuwa wakiishi ulifanywa Hifadhi ya Kahuzi-Biega mwaka 1970, ikapanuliwa 1975 mpaka kilomita za mraba kama 6,000, na wao wakatolewa bila kupewa ardhi nyingine. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza kwamba haki zao zilivunjwa. Mpaka leo, mama wengi wanaofinyanga wanachimba udongo kwenye shamba la mtu, kwa hisani ya mtu. Siku mwenye shamba akibadilika, kazi yao inakwisha.

Nimekaa mara nyingi karibu na mama mmoja akifanya kazi. Anaponda udongo kwa mchi, anaupitisha vidoleni na kutoa kila kijiwe, kisha anachanganya na unga wa vyungu vilivyovunjika. Niliuliza kwa nini. Akasema: "Chungu kizee kinakifundisha kipya kuvumilia moto." Hana gurudumu. Anaviringisha udongo kama nyoka, anauzungusha juu ya mwingine, anabana kwa kidole gumba, na yeye mwenyewe ndiye anayezunguka, amejikunja, hatua ndogo ndogo, chungu kimetulia. Mwisho anachukua kijikamba cha nyasi kilichosokotwa, urefu wa kidole, anakibingirisha shingoni mwa chungu kwa kiganja. Panabaki mistari ya punje ndogo ndogo, sawa kabisa, kama mtama uliopangwa. Kisha kivuli kwa siku nyingi, kisha moto wa nyasi na kuni kwenye shimo, wakati wa kiangazi tu. Vingine hupasuka motoni. Aliyetaka kununua chungu kwa "bei ya kijiji" sikumpeleka tena.

Wengine wanasema sanaa ya hapa ni ya juzi, ya kuuzia Wazungu. Wamekosea. Katika karne ya 19, kabla ya faranga yoyote, pande zote za ziwa Kivu watu walifanya biashara kwa *butega*, bangili za nyuzi za mrafia zilizosokotwa na Batembo wa msitu wa magharibi. Zilivuka mpaka Idjwi, zikafika Rwanda. Wahunzi wa Kaziba wanajulikana kwa kazi yao ya chuma Bushi nzima. Mwaka 1951 na 1952 Mmarekani Alan Merriam alikaa kwa Bashi akirekodi nyimbo, na alichokisikia ni watu wanaoimba kumwambia bwana wao yale wasiyothubutu kumwambia kwa mdomo mtupu. *Lulanga*, ule ubao wenye nyuzi unaopigwa taratibu huku mzee akisimulia, mimi nimeusikia mlimani mara tatu tu katika miaka hii yote, na mara zote mpigaji alikuwa na mvi. Hilo linaniumiza. Haliondoki kwa kumwita mzee apige mbele ya wageni wako wa Jumapili. Mzee wetu mmoja sasa anafundisha vijana wawili kila Alhamisi kwenye baraza la nyumba yangu, kwa sababu halivuji. Mchango wangu ni manjanja tu.

"Zamu yupo, mimi nitafika Krismasi."

Zamu, yaani mlinzi, analinda mbao. Hawezi kwenda matangani kwa niaba yako, wala kutoka salongo, ile kazi ya pamoja, siku ya kutengeneza njia. Mwaka ambao sikufika miezi sita, uzio wangu ulihamishwa hatua nne, na sikupata jirani wa kunitolea ushahidi. Mwaka uliofuata nilifika kila mwezi, nikachimba mfereji na wenzangu, na uzio ulirudi bila mimi kusema neno.

Nilipoandikisha kiwanja cha pili, mpima wa kadastri, ofisi ya kupima ardhi, alitaka kunyoosha mstari wa chini upite katikati ya kinamasi, aseme mchoro unapendeza zaidi. Nilikataa, nikapoteza kipande. Mstari unapinda pale na kuacha njia ya upana wa watu wawili wenye mizigo kichwani. Mwezi wa saba wamama hushuka nayo alfajiri, majembe begani, na kabla ya saa tatu utawaona wakirudi mmoja mmoja, udongo umefungwa kwenye majani ya mgomba, unadondosha maji mgongoni.