Je, injini inahitaji moshi ubanwe?

Ukiweka ekzosi (bomba la moshi) iliyo wazi zaidi kwenye pikipiki ya zamani, kisha ikapoteza nguvu, utaambiwa: "Injini inataka moshi ubanwe kidogo." Maneno haya yamezoeleka mno. Dalili yenyewe ni ya kweli. Sababu inayotajwa ndiyo isiyo ya kweli.

Moshi uliobanwa hauipi injini chochote, kwani pistoni hulazimika kutumia nguvu kuusukuma nje. Kinachosaidia ni mawimbi ya shinikizo ndani ya bomba. Urefu na upana wake ukiendana na kasi ya injini, wimbi hurudi kama mvuto, likafyonza mabaki ya moshi na kuvuta mchanganyiko mpya katika ule muda mfupi ambao vali zote mbili ziko wazi. Bomba pana mno huvuruga mpangilio huo, hasa injini ikizunguka polepole.

La pili, ambalo husahaulika: hewa nyingi zaidi ikipita, kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) yenye jeti (vitundu vya kupimia petroli) zilezile mara nyingi huishia kutoa petroli pungufu. Plagi huwa nyeupe, injini hupata joto kupita kiasi, na ekzosi hupiga mishindo ukiachia akseleta. (Kabla ya kugusa jeti, kagua maungio ya ekzosi, yakivuja hewa, mishindo hiyohiyo hutokea.) Jeti ndogo hutawala mpaka karibu robo ya akseleta, sindano ya kabureta katikati, jeti kubwa kuanzia robo tatu. Angalia injini inakosea katika sehemu ipi ya akseleta, kisha badilisha kimoja kimoja.