Mrija wa dayalisisi ya tumbo hauwekwi na daktari wa upasuaji peke yake

Kuna ujumbe usiokoma kwenye magrupu ya Kisumu na Nakuru: eti daktari wa figo akikuwekea mrija wa dayalisisi ya tumbo (kusafisha damu kwa maji yanayoingizwa tumboni, figo zikishindwa), utaziba au utumbo utatobolewa. Si hivyo.

Daktari wa figo aliyefunzwa kazi hii hutumia ganzi ya sehemu tu. Sindano huingia chini ya kitovu, waya laini hupitishwa ndani yake, kisha mrija hufuata njia hiyo. Aliyewahi kupasuliwa tumbo sana, au mwenye ngiri, hupelekwa kwa daktari wa upasuaji, ambaye hutazama ndani kwa kamera mgonjwa akiwa amelala kwa nusukaputi. Jamaa wakiona hivyo hudhani ndiyo njia pekee.

Utumbo unaweza kutobolewa kwa njia zote mbili, ingawa ni nadra. Mrija ukigoma, aghalabu chanzo ni kufunga choo: utumbo uliojaa huubana au huusogeza. Ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa ya kulainisha choo. Kabla ya mrija kuwekwa huambiwa pia akojoe, ili kibofu kisitobolewe.

Unataka uhakika? Muulize daktari ameweka mirija mingapi, na nani atasaidia ikitokea shida. Ujumbe ule usiusambaze; mgonjwa aliyeogopa huchelewa, na mrija wenyewe kwa kawaida husubiri wiki 2 kabla ya kutumika.