Je, wajua kwa nini shingo ya gitaa la besi hupauka?

Gitaa la besi lililokaa miezi bila kutunzwa, ubao wake wa vidole, yaani uso wa shingo ambapo vidole hubonyeza nyuzi, hupauka kama ngozi iliyokosa mafuta. Wengi husema ubao huo "una kiu", kisha wanaulowesha mafuta. Lakini mti uliokwisha kukatwa haunywi. Kinachoingia na kutoka ndani yake ni unyevu wa hewani.

Hewa ikikauka, unyevu huutoka ubao nao husinyaa, zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Freti, vile vipande vyembamba vilivyopachikwa kukatiza ubao, ni za chuma, hazisinyai pamoja nao, kwa hiyo ncha zake hutokeza pembeni. Telezesha kiganja ukingoni mwa shingo: ukikwaruzwa, ujue ubao umekauka. Hapo dawa ni kulitunza gitaa penye unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Mafuta hayarudishi maji yaliyopotea. Hupenya kidogo tu juu juu, yakapunguza kasi ya unyevu kuingia na kutoka, na kurudisha weusi mzuri wa mti. Ni kazi ya maana, ila ni ndogo kuliko inavyosifiwa.

Tena si kila ubao unayahitaji. Mbao za rozwudi, ambayo ni ya jenasi moja na mpingo, na za eboni kwa kawaida huachwa bila vanishi. Hizo ndizo za kupakwa. Mepo, ule mti wa rangi ya maziwa, karibu kila mara hupigwa vanishi. Mafuta yatakaa juu yake yakinata, basi ufute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, yatosha. Mgongo wa shingo nao, ukiwa na vanishi, ufanyie vivyo hivyo.

Kwangu mimi, kusafisha ndiko kwenye uzito. Legeza nyuzi pole pole, uziondoe. Utaona utando mweusi umeganda kando ya kila freti: ni jasho, mafuta ya ngozi na vumbi, vimeshindiliwa na vidole. Ukwangue taratibu kwa kadi ngumu ya plastiki, kisha sugua kwa mswaki laini kufuata mwelekeo wa nyuzinyuzi za mti. Wapo wanaotumia sufi laini ya chuma. Nayo hufaa, mradi uzifunike kwanza zile sumaku zinazonasa sauti, maana vumbi lake la chuma huvutwa huko na kulitoa ni taabu.

Sasa mafuta: matone machache kwenye kitambaa, si kwenye ubao. Paka, subiri dakika chache, kisha futa mpaka kitambaa kisiloe tena. Kikitoka na wekundu wa kahawia usishtuke, rozwudi huachia rangi yake. Mara moja au mbili kwa mwaka inatosha. Mafuta ya kupikia usiyaguse kabisa, maana huchacha ndani ya mti na kuacha harufu na ulimbo.

Usirudishe nyuzi kabla ubao haujawa mkavu mkononi. Mafuta yakiingia katikati ya mizunguko ya waya wa uzi mnene, ule mlio wake mkali hufifia. Nyuzi nne zikikazwa huivuta shingo kwa zaidi ya kilo 70, kwa hiyo itapinda kidogo tena. Kesho yake utalazimika kupatanisha sauti upya.