Sumu ya kipindupindu na mlango uliobaki wazi

Mgonjwa wa kwanza wa kipindupindu niliyemhudumia alikuwa na vidole vilivyokunjamana kama vya mtu aliyefua nguo kutwa nzima. Ndoo chini ya kitanda chake ilijaa majimaji meupe, mfano wa maji yaliyooshewa mchele. Mtu mzima aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Nilidhani utumbo wake umechubuka vibaya. Kumbe seli zake zilikuwa nzima, ila zimeshikwa.

Bakteria hawa hawaingii ndani ya seli. Hung'ang'ania juu ya utumbo mwembamba na kumwaga sumu. Mwaka 1959, mtafiti S. N. De wa Kolkata, India, alilithibitisha hilo: alichuja bakteria, akaingiza majimaji yaliyobaki kwenye utumbo wa sungura, nao ukajaa maji.

Sumu ni protini. Vipande vyake vitano, vilivyopangika kama pete, hunasa kwenye mafuta ya utando wa seli yaitwayo GM1. Seli huimeza na kuipeleka hadi kule inakotengenezea protini zake. Hapo kipande chake kingine, kiitwacho A1, hukunjuka, seli ikakidhani ni protini mbovu, ikakitupa kwenye ute wake wa ndani. Ndiko hasa kinakofanyia kazi! Hukibandika kibandiko cha kemikali kiwashio cha seli kiitwacho Gs, ambacho kwa kawaida hujizima chenyewe, kisizimike tena. Kemikali ya cAMP, inayopeleka ujumbe ndani ya seli, hufurika, milango ya kloraidi (sehemu ya chumvi) hubaki wazi, na chumvi ikitoka, maji huifuata.

Mama mmoja aliwahi kuniuliza, "Dokta, mtoto anatokwa na maji hivi, nawe unasema nimnyweshe mengine?" Swali zuri sana. Maji matupu yangepita tu. Lakini upo mlango ambao sumu haiugusi, unaoingiza sukari na sodiamu ya chumvi kwa pamoja, na maji huingia nazo. Ndiyo maana pakiti ya ORS, unga wa kuchanganya na maji ya kunywa, ina vyote viwili. Usipoipata, changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, huku ukimwahisha kituoni. Aliyelegea kabisa anahitaji dripu. Usizidishe sukari, itavuta maji zaidi kutoka mwilini.

Seli zilizobandikwa hupukutika zenyewe, na baada ya siku chache mpya huwa zimeshika nafasi. Mpaka hapo, ni kikombe baada ya kikombe.